Kizuia joto chini ya bati: kinapofaa na kinapogeuka mzigo

Saa tisa alasiri mwezi wa Februari, ndani ya nyumba ya bati Temeke au Kisauni, inua kiganja kuelekea siling. Ukishasikia joto lake, pitisha daftari kati ya kiganja na siling. Joto likikatika papo hapo, basi kinachokuchoma si hewa ya chumbani. Ni mnururisho, joto linalorushwa na siling yenyewe kama linavyorushwa na kaa la moto. Jaribio hilo halichukui hata nusu dakika, na lingefanywa kabla ya kwenda dukani, watu wengi wangenunua kitu tofauti na wanachonunua.

Ubishi wa kuweka kizuia joto au kutoweka ni wa siku nyingi. Upande mmoja wanasema nyumba ya bati Pwani bila kizuia joto ni tanuri. Upande wa pili, ambako utawakuta mafundi wengi wa zamani, wanasema ni hela ya bure: fungua madirisha, panda mwarobaini upande wa magharibi, upepo utamaliza kazi. Tatizo ni kwamba mara nyingi kila upande una nyumba yake kichwani.

Joto huhama kwa njia tatu: kwa mpitisho ndani ya kitu kigumu, kwa myuko unaobebwa na hewa au maji, na kwa mnururisho. Bati la geji 30 lina unene wa milimita 0.3 hivi, na chuma hupitisha joto upesi, kwa hiyo upande wake wa chini huwa na moto uleule wa upande wa juu. Mchana wa jua kali bati hilo linaweza kupita nyuzijoto 60. Hewa iliyogusa bati hilo hupata moto, lakini hewa ya moto haishuki, inakaa palepale juu. Kinachoshuka ni mnururisho. Bati la rangi lenye nyuzijoto 60 humrushia mtu na sakafu ya nyuzijoto 30 karibu wati 200 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kisicho na siling kinapokea zaidi ya wati 2,000, kama pasi mbili za umeme zilizoachwa zikiwaka siku nzima.

Ndiyo maana karatasi nyembamba ya alumini inayong'aa hufanya maajabu kwenye nyumba zetu. Alumini safi hurusha takribani asilimia 5 tu ya mnururisho ambao kitu cheusi chenye joto hilohilo kingerusha. Lakini ina sharti moja ambalo likivunjwa kazi yote inaharibika: lazima uso wake unaong'aa utazame hewa, nafasi isiyopungua sentimita 2. Ikigandamizwa kati ya bati na ubao, mnururisho haupo tena wa kuzuia, kuna mpitisho tu, na alumini ni hodari wa mpitisho kuliko chuma chenyewe. Fundi anayeibana hivyo amekuuzia mapambo. Itandazwe juu ya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, kabla bati halijapigwa, ilegee kidogo kati ya papi na papi, kipande kimoja kilalie kingine kwa sentimita 15, na uso unaong'aa utazame chini. Watu hushangaa kuambiwa chini, wakidhani lazima utazame jua. Uso wa juu hukusanya vumbi, na vumbi likishatanda mng'ao umekwisha. Wa chini hubaki safi miaka na miaka.

Sasa sufi ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo zilizofumwa kama godoro, na povu jeupe la polistirini, lile la makasha ya samaki. Hivi vinafanya kazi kwa kufungia hewa katika vijumba vidogo isiweze kuzunguka. Povu la sentimita 5, bati likiwa nyuzijoto 60 na chumba 30, hupitisha takribani wati 22 tu kwa mita ya mraba. Ukiongeza sentimita 5 nyingine unashuka hadi wati 11. Sentimita 5 za kwanza zimeokoa karibu wati 180, za pili zimeokoa 11 kwa bei ileile. Anayekushauri ujaze sentimita 20 Dar es Salaam amenakili mchoro wa nchi ya theluji.

Wapinzani wana hoja nzito zaidi wanapozungumzia usiku. Kizuia joto hakijui baridi wala moto. Wauza barafu hulifunika pande lao kwa gunia na maranda kwa sababu hiyohiyo. Bati jembamba likishaachwa na jua hupoa haraka, na usiku wa mawingu machache huweza kuwa baridi kuliko hewa ya nje. Ukiweka kizuia joto, unaizuia nafuu hiyo isishuke chumbani. Na fukuto la saa nne usiku mara nyingi halitoki kwenye bati hata kidogo: ni kuta za tofali zilizopigwa na jua la jioni, zikirudisha joto zilizolikula mchana, pamoja na madirisha yaliyofungwa kwa kuogopa mbu na wezi. Mtu anayeshinda kazini na kurudi kulala tu, hela yake ya kwanza iende kwenye nyavu za madirisha na kivuli cha ukuta wa magharibi. Wenye watoto au wagonjwa wanaoshinda ndani, au duka lenye friji, wao waanze na paa.

Kuta nazo? Kwa Pwani, kama madirisha yako wazi, hewa ya ndani na ya nje ni moja, hakuna cha kuzuia. Rangi nyeupe inatosha.

Hesabu hugeuka kwenye chumba cha kiyoyozi, na hugeuka tena Njombe au Limuru. Nyanda za juu joto linatoka ndani kwenda juu, na hapo myuko unasaidia kulitorosha, kwa hiyo sufi juu ya siling inalipa kweli. Mvuke wa jikoni na wa pumzi nao unapanda, unagota kwenye bati baridi alfajiri na kudondoka. Sufi iliyolowa ni kazi bure, maana maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Nailoni ya kuzuia mvuke iwekwe chini ya sufi, upande wa chumba. Pwani, kwenye kiyoyozi, mvuke unatoka nje kuja ndani, hivyo nailoni ikae upande wa nje. Wakati wa masika umande wa Dar huanza kutona kwenye kitu chenye nyuzijoto 24 au 25. Ukiweka kiyoyozi kwenye 18 na nailoni upande wa kimakosa, ukungu mweusi kwenye jipsamu ni suala la wiki chache.

Kuna hatari ambazo wauzaji hawazitaji. Povu la polistirini hushika moto na kutoa moshi mzito; lisiachwe wazi, lifunikwe na jipsamu au plasta. Sufi isilundikwe juu ya taa za siling zinazotoa joto, wala nyaya zisizikwe ndani yake, kwa kuwa waya usiopumua hupata moto kuliko ulivyopimiwa. Alumini inapitisha umeme: Australia ilianzisha mpango wa serikali wa kuhami nyumba mwaka 2009, na kufikia Februari 2010 ulikuwa umesimamishwa baada ya mafundi vijana wanne kufa, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto la darini. Baadhi ya vifo vya umeme vilitokana na pini za chuma za kushikizia karatasi ya alumini zilizotoboa nyaya. Kwenye nyumba inayokaliwa, zima meni swichi kabla fundi hajapanda, apande saa kumi na mbili asubuhi, na ifikapo saa nne awe ameshashuka.