Albuquerque: jina la kujikomba kwa mkubwa

Mtu wa pwani aliyesoma habari za Wareno hawezi kuliona jina Albuquerque kwenye ramani ya Marekani akapita tu. Mji wenyewe uko New Mexico, kusini-magharibi mwa nchi, kando ya mto Rio Grande, chini ya milima ya Sandia. Sensa ya 2020 ilihesabu humo watu 564,559. Lakini sisi jina hilo tumelijua kwa njia nyingine. Afonso de Albuquerque alikuja mwambao wetu katika msafara wa 1506 na 1507, pamoja na Tristão da Cunha. Malindi waliwapokea vizuri. Hoja, mji ambao wengi huutambua kwa magofu ya Ungwana karibu na Kipini, uliporwa na kuchomwa moto. Lamu ikaona yaliyowafika jirani zake, ikakubali kulipa kodi. Barawa ilikataa, na yaliyotokea huko Wareno wenyewe waliyaandika: askari waliwakata wanawake mikono na masikio ili wapate bangili na vipuli haraka. Kutoka hapo Albuquerque akaenda Socotra, kisha Oman, akaichoma Muscat.

Kwa hiyo nawaelewa Waswahili wanaosema kwamba Wamarekani wameupa mji wao jina la mchoma miji. Ila si kweli, na inafaa tuliseme jambo hili vizuri, kwa sababu hadithi ya kweli inafundisha zaidi kuhusu namna watawala wanavyobandika majina kwenye ardhi ya watu.

Chimbuko la majina yote mawili ni mji mmoja mdogo wa Hispania uitwao Alburquerque, katika mkoa wa Badajoz, karibu na mpaka wa Ureno. Ngome yake ingali imesimama juu ya kilima. Mwanzoni mwa karne ya 14 mji huo ulimilikiwa na Afonso Sanches, mwana wa nje ya ndoa wa Mfalme Dinis wa Ureno, na kupitia kizazi chake jina la mji likageuka jina la ukoo huko Ureno. Humo ndimo alimotoka Afonso wetu wa Barawa. Upande wa Hispania, wafalme wa Castilla waliufanya mji huo kuwa cheo cha Duki, na cheo kikarithiwa na ukoo wa de la Cueva. Ni jina moja lenye koo mbili na falme mbili.

Kuhusu maana yake, wengi husema limetokana na Kilatini, mwaloni mweupe, na nembo ya mji huo wa Badajoz ina mti. Eneo lile lina mialoni mingi ya magome ya vizibo. Wapo wanaolitafutia asili ya Kiarabu, kwa kuwa Waislamu walitawala huko karne nyingi. Mimi hapo sikai sana. Waliolichukua jina hili hadi New Mexico hawakuwa na habari na miti. Walikuwa na habari na cheo.

Mwaka 1706 gavana wa New Mexico alikuwa Francisco Cuervo y Valdés. Alikuwa gavana wa muda tu: aliteuliwa na makamu wa mfalme aliyekaa Jiji la Mexico, na uteuzi wa kudumu ulikuwa mkononi mwa mfalme aliyekuwa Hispania. Makamu huyo wa mfalme alikuwa Francisco Fernández de la Cueva, Duki wa kumi wa Alburquerque. Tarehe 23 Aprili 1706 Cuervo aliketi akamwandikia barua. Alieleza kwamba amekwisha kuanzisha mji kamili, wenye familia 35 na watu wazima na watoto 252, kanisa limekamilika, majengo ya serikali yameanza, mifereji imechimbwa na mashamba yamepandwa. Na jina la mji: Villa de Alburquerque.

Isomeni barua hiyo kwa macho ya mtu aliyewahi kufanya kazi chini ya mkubwa. Sheria za Hispania zilitaka familia zisizopungua 30 ndipo makazi yapate hadhi ya villa, na Cuervo akataja 35. Villa ilikuwa na heshima na haki ambazo kijiji hakikuwa nazo, na gavana aliyeanzisha villa alikuwa na cha kujivunia mbele ya mfalme. Halafu jina lenyewe likawa la yule atakayeifungua barua. Mtu huyu alikuwa anaomba kazi.

Tena alitia chumvi. Wanahistoria waliochambua hati za wakati ule wameonyesha kwamba familia zilikuwa pungufu ya hizo, na kwamba hapakuwa na mji wa mitaa na uwanja kama sheria ilivyotaka. Palikuwa na wakulima waliotawanyika na mashamba yao kandokando ya mto, kila mmoja akikaa karibu na maji yake. Ilichukua miongo mingi kabla hawajakusanyika kuzunguka uwanja ambao leo watalii huuita Mji Mkongwe, na kilichowasukuma kilikuwa hofu ya kushambuliwa. Kanisa la San Felipe Neri linaloonekana hapo sasa ni la 1793. La mwanzo lilikuwa limeporomoka.

Duki naye alikuwa na woga wake. Mfalme wa Hispania wakati huo alikuwa Felipe V, naye alikuwa ametoa agizo kwamba pawe na mji wa kumuenzi. Makamu wa mfalme kupewa mji kabla ya mfalme mwenyewe ni hatari. Akaagiza jina liwe San Felipe de Alburquerque: mfalme atangulie, yeye afuate. Mtakatifu Francisco Xavier, ambaye Cuervo alikuwa amemweka kama msimamizi wa mji, akaondolewa njiani. Duki huyo aliondoka madarakani mwaka 1711, na jina lake likabaki kwenye bonde asilolijua. Cuervo naye kujikomba hakukumsaidia. Mwaka 1707 gavana mwingine aliyeteuliwa na mfalme aliwasili na kuchukua nafasi yake.

Ndiyo maana sipendi namna vitabu vya kuongoza wageni vinavyoieleza habari hii kwa mstari mmoja, kwamba mji ulipewa jina kwa heshima ya Duki. Heshima gani? Bonde lile lilikuwa na wenyewe. Watu wa Tiwa walikuwa na miji yao ya udongo kando ya Rio Grande kabla Coronado, kiongozi wa msafara wa Kihispania, hajafika mwaka 1540, na majira ya baridi ya mwaka huo na uliofuata aliipiga miji hiyo vita akaiteketeza mingine. Mwaka 1680 Wapueblo, yaani wenyeji wa miji hiyo ya udongo, Watiwa wakiwemo, waliungana, wakawafukuza Wahispania New Mexico yote kwa miaka 12. Barua ya Cuervo iliandikwa miaka 14 tu baada ya Wahispania kurudi. Jumuiya za Sandia na Isleta zipo hadi leo, moja kaskazini mwa jiji na nyingine kusini, na lugha yao ingali inasemwa. Wanavajo nao huliita jiji hilo Bee'eldííl Dahsinil, wakirejelea kengele zilizowekwa juu. Hilo ni jina la mtu aliyefika mahali, akatazama, akasema alichokiona. Nalipenda kuliko yote.

Je, jina libadilishwe? Mwezi Juni 2020 watu walikusanyika mbele ya jumba la makumbusho la Albuquerque kupinga sanamu ya Juan de Oñate, gavana wa Kihispania aliyeamuru wanaume wa Acoma, mji wa Wapueblo, wakatwe mguu mwaka 1599. Mwandamanaji mmoja alipigwa risasi, na kesho yake manispaa ikaiondoa sanamu. Nadhani walifanya sawa. Sanamu ni ya mtu mmoja, inamtukuza kwa alichofanya. Jina la mji ni jambo jingine, kwa sababu limekaa vinywani mwa watu zaidi ya miaka 300 na wamekwisha kulifanya lao. Wenyeji hulikata wakasema Burque, na hakuna anayemkumbuka Duki akisema hivyo. Ninachotaka ni barua ya Cuervo isomwe shuleni, pamoja na idadi zake za uongo, na majina ya Kitiwa na Kinavajo yaandikwe kwenye vibao vya barabarani kwa herufi za ukubwa ule ule.

Imebaki ile "r". Jina la Kihispania lina "r" mbili, Alburquerque, na jiji la leo lina moja. Wapo wanaosimulia kwamba mchoraji wa kibao cha stesheni aliisahau herufi hiyo wakati reli ilipofika mwaka 1880. Hadithi tamu, lakini Wamarekani walioingia na jeshi lao mwaka 1846 walikuwa tayari wanaliandika bila hiyo herufi, miongo mitatu kabla ya stesheni. Ulimi unaikwepa "r" ya kwanza. Jaribu kulitamka haraka uone. Kuna wanaodai irudishwe ili historia iheshimiwe. Mimi nawapinga. Herufi hiyo ni ya Duki, na ni watu waliolitumia jina kila siku, sokoni na njiani, walioiacha.