Mtoto Akiimba, Atunzwe

Uzi wa ile ala ya taarab iitwayo kanuni ulikatika kabla ya wimbo wa kwanza. Tang! Kisha kimya. Kijana aliyekuwa akiipiga, wa miaka kumi na mbili hivi, aliweka mikono mapajani akamtazama mwalimu kwa macho ya mtu aliyevunja sahani ya wageni.

Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti, na kwa mtoto anayejifunza ukikatika mmoja hakuna kuuruka na kuendelea kama hakijatokea kitu. Mwalimu alitoa ufunguo mfukoni, akatafuta uzi ndani ya bahasha, akaanza kufunga. Anakaza, anasikiliza, anakaza tena. Robo saa ikapita. Ingekuwa ukumbini, mshereheshaji angetuwekea muziki wa kwenye simu na sisi tungezama kwenye simu zetu. Lakini tulikuwa uani kwa mtu, Mwembetanga, mjini Zanzibar, tumekaa juu ya mikeka na viti vya kuazima, viatu vimerundikana mlangoni. Mwenye nyumba akasema, "Haya, kahawa hiyo, msiiache ikapoa." Mzee mmoja ambaye nilidhani amesinzia akamwita yule kijana, akaanza kumhadithia walivyokuwa wakiunga nyuzi zilizokatika enzi zao, kwa kuwa mpya hazikuwa zikipatikana. Akachomoa ukindu ukingoni mwa mkeka ili amwonyeshe fundo lenyewe. Mwenye nyumba alimwona anavyouharibu mkeka wake, akanyamaza.

Nimekwenda kwenye maonyesho mengi ya watoto, sijaona somo lililokaa vizuri kama lile, na halikuwa kwenye ratiba. Hata ratiba yenyewe haikuwepo.

Niseme kwanza tulikuwa tumekwenda kufanya nini. Watu wazima kama arubaini, watoto kumi na wanne, baada ya sala ya isha. Watoto hawa hukutana jioni tatu kwa wiki kujifunza ala za udi, fidla, kanuni na dumbaki, na kuimba, na darasa lao lilikuwa linakaribia kufungwa kwa sababu za kawaida: nyuzi zimekwisha, ngozi za ngoma zimelegea, na mwalimu amekuwa akijilipia nauli mwenyewe. Mama mmoja mwenye ua mpana akasema njooni waimbie kwangu. Hapakuwa na tiketi wala kiingilio. Ulialikwa kwa mdomo, ukaambiwa uje na mtu.

Shoga yangu niliyekwenda naye akanong'ona, "Jambo jipya hili, tamasha nyumbani kwa mtu." Nikacheka. Jipya wapi? Huu muziki wa taarab tunaojidai nao umelelewa majumbani. Ni kweli uliingia kwa mlango wa jumba la Sultani. Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuuleta kutoka Misri, na alimpeleka mtu Cairo akajifunze kanuni. Lakini aliyeushusha kwa watu wa kawaida ni Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu, akaja mjini, akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Nyumba yake ya mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini, ilikuwa ndiyo ukumbi. Watu walikwenda jioni, wakaketi, wakasikiliza, wakatoka na habari za mjini zilizofumbwa ndani ya beti. Bi Kidude naye, mwimbaji aliyetutoka Aprili 2013, alikuwa akisimulia kwamba utotoni alijifunza kwa kumsikiliza Siti.

Kwa hiyo ua ule wa Mwembetanga ni mtoto amerudi kwao.

Sasa nilinganishe na kitu kingine, na hapa nina kinyongo, sifichi. Mwaka jana nilikwenda kwenye hafla ya kuchangia sanaa za watoto, katika hoteli moja ambayo sitaitaja. Watoto walifikishwa saa mbili asubuhi, wamevalishwa sare mpya. Mgeni rasmi alifika saa tano kasoro. Muda wote huo watoto walisimama upande wa jua, maana kivuli kilikuwa cha meza kuu. Alipofika wakaimba wimbo wa kumkaribisha, na wimbo ulikuwa na jina lake ndani. Ikafuata risala. Ikafuata hotuba. Kikafuata kile kipande kikubwa cha ubao chenye umbo la hundi, na picha, na picha nyingine kwa kuwa ya kwanza mtu mmoja alifumba macho. Watoto waliruhusiwa wimbo mmoja tena kabla ya chakula, na mshereheshaji akawakatiza kwenye ubeti wa tatu ili kutangaza gari lililozuia njia. Wakaondoka na juisi ya boksi na biskuti. Yule binti aliyekuwa akiongoza kuimba hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemfuata akamwambia neno.

Sisemi pesa ile haikusaidia. Huenda ilisaidia. Nasema watoto pale walikuwa mapambo, kama yale maua ya plastiki mezani.

Turudi uani. Kanuni ilipokaa sawa wakapiga bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, kama wafanyavyo vikundi vya zamani mfano wa Nadi Ikhwan Safaa, kilichokuwepo tangu 1905. Haikwenda sawasawa. Fidla moja ilikuwa inafika kabla ya wenzake kila mara, kama mtoto anayekimbilia daladala. Baadaye wakabadilisha, wakaleta kidumbak, ule muziki wa kucheza, na hapo ua ukachangamka, kwa sababu kidumbak hakingoji adabu ya mtu: ngoma mbili ndogo, vijiti vya mikwasa vinagonga, manyanga ya cherewa yanachakacha, na sanduku. Sanduku ndilo besi ya maskini, sanduku la chai limepinduliwa, limetobolewa, likafungwa uzi mmoja na fimbo. Lilipigwa na binti mdogo kiasi kwamba fimbo ilimzidi urefu, na kila akiivuta sanduku lote linainuka. Ufumbuzi wao ulikuwa kaka yake kukaa juu ya sanduku. Alikaa pale wimbo mzima, uso mkavu, mikono imekunjwa, kama askari analinda benki. Nadhani ndiye msanii niliyempenda kuliko wote.

Kisha akasimama msichana kuimba peke yake, sauti nyembamba, inatetemeka mwanzoni. Alipofika kibwagizo cha pili, bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango wa jikoni akainuka. Taratibu, kwa hatua za zamani, bega hili, bega hili, noti ya elfu mbili mkononi, akaenda mpaka mbele akamtia yule msichana kiganjani. Akamtunza.

Mtoto hakujua la kufanya. Akaacha kuimba. Mwalimu akamwashiria kwa nyusi: endelea, mwanangu. Akaendelea, noti imebanwa kwenye ngumi, na nakuapia sauti ile haikuwa tena ile ya mwanzo. Ilikuwa imesimama. Baada ya hapo wakainuka wengine, nami nikiwemo, na wanaume waliokuwa wanajifanya hawaoni wakaanza kupapasa mifuko.

Shoga yangu hakupendezwa. Tulibishana njia nzima ya kurudi. Yeye anasema mtoto akizoea noti ataiona skuli upuuzi. Anasema tumemfundisha kuimba kwa ajili ya pesa. Anasema kama ni kusaidia, si tungeweka kikapu mlangoni kila mtu akatoa sadaka yake kimya kimya?

Hapo ndipo ninapotofautiana naye, na ndiyo sababu ya maandishi haya. Kutunza si sadaka. Sadaka humpa asiye nacho kwa sababu hana. Tunzo humpa aliyefanya kwa sababu amefanya, na humpa pale pale, kabla jasho halijakauka, mbele ya watu, ili nao waone. Kwenye harusi zetu tunamtunza mwimbaji mkubwa mpaka mkono unashindwa kufumba, wengine si kwa kuupenda wimbo bali kwa kutaka yule adui aliyekaa kona ile ajue ubeti unamhusu. Tunajua sana kulipa muziki tukitaka! Akiimba mtoto, tunampa "mashaallah" na makofi, kisha tunalalamika kwamba vijana hawataki tena taarab ya kukaa na kusikiliza, wameikimbilia singeli. Na mama akilea mtoto tunasema anamtunza. Mwimbaji akipewa noti tunasema katunzwa. Neno ni hilo hilo moja, na sijui kwa nini tumelikata vipande.

Juu ya kuharibika kwa mtoto, nitampa shoga yangu nusu ya haki. Noti ikibaki mfukoni mwa mmoja, siku ya pili wote watataka kuimba mbele na hakuna atakayekubali kushika cherewa. Usiku ule mambo yalikuwa hivi: watoto wenyewe waliweka noti zote kwenye ungo, wakazihesabu kwa sauti mbele yetu, na yule wa juu ya sanduku ndiye aliyeandika daftarini. Laki moja na sabini na nne elfu. Kila mtoto akapewa elfu tatu ya kwake, hata yeye aliyekalia sanduku, zikatoka arubaini na mbili elfu, na zilizobaki zikaingia kwenye nyuzi na nauli. Sijawahi kuona mkutano wa wakubwa ukimaliza hesabu haraka hivyo.

Ni pesa ndogo, najua. Dhow Countries Music Academy, chuo kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002 na kilichowafundisha wengi tunaowasikia leo, nacho kimewahi kutangaza hadharani kwamba fedha zimekauka na milango inaweza kufungwa. Ikiwa chuo chenye jina mpaka ng'ambo ya bahari kinaweza kufika hapo, darasa la watoto kumi na wanne halitaokolewa na noti za elfu mbili peke yake. Mfadhili akija, aje. Ila mfadhili mradi wake una mwisho, na wa yule bibi wa mlango wa jikoni hauna, maana mtoto anayemtunza ni wa mtaa wake na kesho atapita barazani kwake kumwamkia.

Wapo wazazi wasiotaka mtoto wao aguse ala ya muziki, na sina ugomvi nao. Lakini watoto wao wanasoma kasida, nyimbo za dini. Wanafanya maulidi ya homu, safu nzima imepiga magoti, inayumba pamoja kama mawimbi, pumzi moja. Kukariri, kupangilia sauti, kumsikiliza wa pembeni yako, yote yamo mle. Nao waalikwe nyumbani kwa watu, na nao wapewe haki yao.

Kilichonisumbua zaidi ni kingine. Tamasha la nyumbani ni la wanaojuana. Ukialikwa kwa mdomo, anayealikwa ni jamaa, na jamaa wa mwenye ua mpana kwa kawaida si wenye vyumba viwili. Nilimuuliza mama mwenye nyumba kuhusu hilo, kwa adabu, nikitegemea ataudhika. Akanionyesha dirisha. Nje, barazani, walikuwa wamejipanga watoto wa mtaa kama ishirini, wengine wamepandana mabegani, nyuso zimebanwa kwenye nondo. "Hao ndio darasa la mwakani," akasema, "nimeacha pazia wazi makusudi." Jibu zuri, ingawa bado nadhani mara ijayo pazia lisitoshe. Mlango nao.

Mara ijayo ni mwezi ujao, katika ua mwingine, Kikwajuni. Kuna tatizo moja. Usiku ule, kwenye wimbo wa mwisho, kaka mtu alisahau kazi yake akainuka kucheza, binti akavuta fimbo kwa nguvu zake zote, sanduku likaanguka ubavu na kupasuka. Siku hizi chai inakuja kwenye mifuko ya karatasi. Nimezunguka maduka ya Darajani siku mbili naambiwa masanduku yale ya mbao yaliisha zamani. Mwenye nalo, hata kama anafugia kuku, aniandikie. Tutamnunulia kuku wake banda.