Waliozama Wakafika Durban

Asubuhi ya bamvua, pita ufukweni utazame ule mstari wa takataka pale maji yalipoishia: mwani, ndara ya mguu mmoja, kipande cha wavu. Watu husema bahari imetapika. Neno hilo silipendi, maana linaifanya bahari ionekane kama mlevi. Kila kitu pale kimekuja kwa njia yake.

Tarehe 28 Novemba 1942, nyambizi ya Kijerumani U-177 iliipiga topido meli ya Uingereza, Nova Scotia, nje ya mwambao wa Zululand, Afrika Kusini. Meli hiyo ilikuwa ikielekea Durban, na ndani yake mna mamia ya Waitaliano waliotolewa Eritrea, mateka na raia. Kamanda wa nyambizi, Gysae, akakuta wanaotapatapa majini ni watu wa taifa rafiki! Amri ya wakubwa wake ya Septemba mwaka ule ilishakataza kuokoa manusura, basi akapeleka habari makao makuu, akaondoka. Wareno wakaombwa, manowari yao Afonso de Albuquerque ikatoka Lourenço Marques, Maputo ya leo, ikaopoa watu wasiofika 200. Zaidi ya 850 walikufa, wengine kwa meno ya papa.

Habari hizi husimuliwa kwa majina ya meli na makamanda. Maji yanasahauliwa, na ndiyo yaliyomaliza safari. Mkondo wa Agulhas hushuka kusini-magharibi kando ya pwani ile, na katikati yake unaweza kupita kilomita 5 kwa saa. Lakini mkondo haugusi mchanga, unapita nje. Upepo na mawimbi ndivyo vinavyokisukuma kitu nchi kavu. Maji kujaa yana kazi ya mwisho tu, kukipandisha, kisha yakipwa yanakiacha. Hivyo ndivyo maiti kama 120 zilivyoonekana Durban. Meli haikufika, abiria wakafika.

Siku 5 kabla ya Nova Scotia kuzama, katika Atlantiki, Mchina Poon Lim, baharia ambaye meli yake nayo ilizamishwa, alibaki peke yake juu ya chelezo. Akaelea siku 133, mkondo na pepo vikimpeleka magharibi, hadi wavuvi wa Brazili walipomwokota, hai.

Kwetu, mkondo utokao mashariki hugawanyika karibu na Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji: tawi moja hupanda kaskazini, jingine hushuka kusini. Boya likikatika Mtwara, litafute Kilwa. Likikatika kusini zaidi, huenda limefuata njia ya wale Waitaliano.