Sindano za Kichina sawa, ila krimu isiyo na maelezo naikataa

Mwenye mafua ya mzio (aleji) hupata taabu asiyoihurumia mtu. Anapiga chafya asubuhi nzima, macho yanawasha, usiku analala mdomo wazi, halafu anaambiwa ni mafua tu, yatapita. Mimi nina mzio wa vumbi, kwa hiyo namwelewa kabisa aliyechoka kumeza vidonge akaamua kujaribu kliniki ya Kichina. Akichomwa zile sindano nyembamba zisizo na dawa ndani, yaani akupancha, sina neno. Ninachokihofia ni kile anachopewa mkononi wakati wa kuondoka.

Sindano zimepimwa. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Ujerumani kwa watu 422 wenye mzio wa chavua, ule unga wa maua. Baadhi walipata akupancha yenyewe, wengine walichomwa juujuu mahali pasipohusika, na wengine wakabaki na vidonge vya mzio vya setirizini tu. Baada ya wiki 8, waliopata akupancha yenyewe walikuwa na nafuu zaidi kuliko wenzao. Ila walipolinganishwa na wale waliochomwa kwa kuigiza tu, tofauti ilikuwa ndogo, na kufikia wiki ya 16 haikuonekana tena. Kwangu hiyo ni nafuu ya kweli lakini ya muda, na mtu mwenye uwezo wa kuilipia hakosei akiitafuta. Hata madaktari wa pua na koo wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2015, walisema mgonjwa asiyetaka dawa anaweza kupewa akupancha. Kuhusu mitishamba, hawakupendekeza itumike wala isitumike.

Mitishamba ndiyo inayonikosesha amani. Mwaka 1999 watafiti wa London walichukua krimu 11 za mitishamba ya Kichina walizokuwa wakipaka wagonjwa wa ngozi, wakazipima maabara. Krimu 8 zilikuwa na deksamethasoni, steroidi kali ya hospitali inayotuliza uvimbe na muwasho. Hebu mfikirie mama ambaye mtoto wake ana pumu ya ngozi. Anampaka usoni kila siku, ngozi inakuwa laini, anawasimulia majirani kwamba majani ya Kichina yamemponya mwanawe. Kumbe ni steroidi, inayokondesha ngozi ikipakwa muda mrefu, na hakuna aliyemwambia apake kiasi gani wala aache lini. Huo ni udanganyifu, na anayeumia ni mtoto.

Sisemi haya kwa kuidharau tiba ya Kichina. Dawa ya mseto ya malaria tunayomeza huku kwetu ina artemetha, inayotengenezwa kutokana na artemisinini, na hiyo mwanasayansi wa China Tu Youyou na wenzake waliitoa kwenye mmea uliotajwa katika maandiko ya kale ya China. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel. Lakini kiini cha mmea kilitengwa, kikapimwa, kipimo chake kikajulikana. Mmea mwingine wa dawa za Kichina, ma huang au efedra, una efedrini, ambayo hufungua njia za hewa na pia hupandisha shinikizo la damu. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedra mwaka 2004. Mtu anayesema mitishamba haina madhara kwa sababu ni ya asili amuulize mgonjwa wa presha aliyepewa mmea huo bila kuambiwa.

Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na lipo baraza la kusajili watoa huduma. Ukienda kliniki, omba kuona usajili. Sindano ziwe za kutumika mara moja na zifunguliwe mbele yako. Ukipewa unga, kidonge au krimu, omba uandikiwe kilichomo kwa lugha unayoisoma, na asiyetaka kukuandikia usinunue kwake.

Wenye pumu wasiache dawa zao za kuvuta kwa ahadi ya mtu yeyote. Na anayevimba midomo au kubanwa koo baada ya kula karanga au kuumwa na nyuki anahitaji adrenalini haraka, kwa hiyo akimbizwe hospitali.