Tamthilia ya Wadukuzi Iliyonifukuzia Usingizi

Zamani nilizipenda sana tamthilia za wadukuzi, wale wanaoingia kwenye kompyuta za watu bila ruhusa, na nilizipenda kwa sababu zilikuwa za uongo mtupu. Mdukuzi wa siku hizo alikuwa kijana wa miwani aliyeipiga kibodi kama mpiga kinanda aliyepandwa na mapepo. Herufi za kijani zikamwagika kwenye skrini, fuvu likatokea likicheka, na kabla chai yangu haijapoa, kijana akatangaza kwamba ameingia. Katika NCIS, tamthilia ya upelelezi ya Kimarekani, watu wawili waliwahi kuichapa kibodi moja kwa pamoja ili kumzuia mshambuliaji, mpaka mkuu wao akachomoa waya wa umeme na shauri likaisha. Mtu wa kawaida akitazama mambo hayo hulala fofofo, maana anajua kwamba wajuzi wa namna hiyo wana shughuli na makombora ya mataifa makubwa, wala hawana haja na barua pepe zake za mikopo.

Kisha akatokea huyu bwana Sam Esmail, Mmarekani, akaiandika tamthilia ya Mr. Robot, iliyoonyeshwa kuanzia 2015 hadi 2019, misimu minne, sehemu 45, na akaona ni vyema kuajiri wataalamu wa usalama wa kompyuta ili kila amri inayoonekana kwenye skrini iwe ya kweli. Nani alimwomba? Wakosoaji walifurahi, Rami Malek aliyeigiza kama mdukuzi Elliot akapata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, mwaka 2016, na hakuna aliyefikiria itakuwaje kwetu sisi tunaotazama televisheni ili tusahau matatizo.

Tazameni anavyofanya kazi huyu Elliot. Anaingia kwenye akaunti za mshauri wake wa nafsi kwa kubahatisha nenosiri, ambalo ni jina la mwanamuziki ampendaye mshauri huyo likifuatwa na mwaka aliozaliwa mshauri mwenyewe, ulioandikwa kinyumenyume. Nilipoliona hilo nilisimamisha picha na kumtazama mke wangu, naye akanitazama, na hatukusemezana mpaka sehemu hiyo ilipomalizika. Kinyumenyume! Mtu umetumia akili yako yote kuugeuza mwaka, ukajiona mjanja kuliko majirani, kumbe tamthilia nzima inaanza kwa kukucheka.

Kwa bwana mwingine hata kubahatisha hakuhitajika sana. Elliot anampigia simu, anajifanya mtu wa benki, anamwuliza kwa adabu kuhusu timu aipendayo na jina la mnyama wake wa nyumbani, na yule bwana anajibu kabla hajaanza kushuku. Mahali pengine wenzake wanatawanya flashi karibu na askari, kwa kuamini kwamba binadamu akiokota flashi hana budi kuichomeka aone kilichomo, na kweli askari anaichomeka. Tangu siku hiyo shemeji yangu akisahau flashi mezani kwangu naifungia kabatini, na akija kuitafuta ni lazima ajibu maswali matatu kuhusu maisha yake ndipo nimrudishie. Anasema nimebadilika. Nenosiri la waifai tulimwachia binti yetu alichague, kwa kuwa ndiye mwenye kichwa chepesi, na sasa kila nikimnyima ruhusa ya kutoka analibadilisha, nami nakaa gizani hadi tukubaliane masharti.

Hata hivyo ningeyavumilia yote hayo, kwa sababu ya madeni. Lengo la wadukuzi hawa ni kampuni moja kubwa inayoitwa E Corp, ambayo ndani ya hadithi inashika asilimia 70 ya mikopo ya watumiaji duniani, na mpango wao ni kuzifunga kumbukumbu zake zote kwa ufunguo wa kompyuta wa biti 256, yaani mrefu mno hata haubahatishiki, kisha kuutupa ufunguo, ili pasiwe na mtu anayejua nani anadaiwa nini. Mimi ni mtu mpole, lakini niliposikia mpango huo nilisimama na kupiga makofi. Sijapata kumwombea dua mhalifu kwa moyo mweupe kama nilivyomwombea yule kijana mwenye sweta yenye kofia. Basi wakafaulu, na msimu wa pili ukaja na uhalisi wake uleule: fedha taslimu zimeadimika, biashara zinafungwa, watu wanahangaika, na kampuni ileile iliyodukuliwa inawauzia sarafu yake yenyewe ya kidijitali. Kama tamthilia ingekuwa ya uongo kidogo tu mahali hapo, nani angeumia?

Majina ya sehemu zake nayo ni kero. Katika misimu ya mwanzo yameandikwa kama majina ya mafaili, yenye tarakimu katikati ya herufi na nukta mwishoni, hata huwezi kumwambia mwenzako umefika wapi. Katika msimu wa nne wakatumia namba za hitilafu za intaneti, na nilipofika ile iliyoandikwa kwamba 404 haikupatikana, nilizima televisheni na kuiwasha tena mara kadhaa, kumbe hilo ndilo jina lake. Na huyo Elliot, ambaye kila mara husema nasi watazamaji na kutuita rafiki, alitupitisha zaidi ya nusu ya msimu wa pili tukiamini kwamba anakaa kwa mama yake, kumbe yuko gerezani. Rafiki gani anakuficha kwamba amefungwa?

Juzi benki yangu imenipigia simu. Sauti ya kike, yenye heshima nyingi, ikaniomba tarehe yangu ya kuzaliwa ili ithibitishe kwamba mimi ni mimi. Nikamwomba naye anitajie yake. Akasema taratibu za benki hazimruhusu, nikamjibu kwamba taratibu za nyumba hii haziniruhusu pia, tukaagana. Siku ya pili kadi yangu ilikuwa imezuiwa kwa ajili ya usalama wangu. Nimekwenda tawini na kitambulisho, na karani anasema limebaki swali moja tu, jina la mnyama niliyempenda utotoni. Jina hilo nilikwisha kulibadilisha usiku ule wa sehemu ya kwanza, nikaweka herufi na tarakimu kumi na sita zisizo na mpangilio, kama wataalamu wanavyoshauri, na sasa karani anataka nilitamke kwa sauti, bila kusoma popote, mbele ya foleni nzima.