Nairobi: Miguu ya Haraka, Dirisha la Polepole

Mwaka 1999, wanasaikolojia Robert Levine na Ara Norenzayan walichapisha vipimo vya kasi ya maisha katika miji mikubwa ya nchi 31, Nairobi ikiwemo. Walipima sekunde za kutembea futi 60 (mita 18 hivi), muda wa karani wa posta kuuza stempu, na usahihi wa saa za ukutani kwenye benki. Kwa jumla Kenya ilikuwa ya 22. Lakini kwa kutembea tulikuwa wa 9, kwa saa wa 24, na posta wa 30. Miguu ilikimbia, dirisha la huduma likasubirisha. Hiyo nafasi ya 22 inaficha yote mawili.

Wanaokiamini kipimo hiki wana hoja. Watafiti waliona kwamba penye uchumi imara na baridi watu huharakisha, na Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, haimchoshi mtembeaji kwa joto kama Mombasa. Ila hoja ya uchumi inayumba hapa kwetu. Anayetoka Kibera hadi Industrial Area kwa miguu kwa sababu nauli imepanda ana haraka ya kuwahi kibarua. Mfuko mtupu nao huharakisha mguu.

Tatizo kubwa zaidi ni nani aliyepimwa. Wastani wetu ulikuwa sekunde 12.58, karibu mita 1.45 kwa sekunde. Walipimwa watu wanaotembea peke yao, saa za kazi, siku isiyo na mvua, mahali pasipo kizuizi. Watoto, wenye ulemavu unaoonekana na wanaotazama bidhaa dukani waliachwa. Kwa kulinganisha miji, masharti hayo ni ya haki. Lakini River Road jioni, kati ya mikokoteni, wachuuzi na matatu, mwendo unaamuliwa na nafasi iliyobaki.

Nami naona hatari huanza namba hiyo inapoingia kwenye michoro ya barabara. Kuvuka mita 14 kwa mwendo ule ni sekunde 10 tu. Kwa mita 1.2 kwa sekunde, kiwango ambacho wahandisi hukitumia sana, ni 12. Mzee anayekwenda mita 0.8 anahitaji 17.5, kwa hiyo taa itambadilikia akiwa bado katikati.

Madaraja ya miguu yana hesabu yake. Likiwa juu mita 6, kwa mteremko wa 1 kwa 12 (mita 1 juu kwa kila mita 12 mbele), mtu atapanda mita 72 na kushuka 72 nyingine: kwa mita 1.2 kwa sekunde, dakika 2 nzima mbali na kuvuka kwenyewe. Anayekatiza chini ameshapiga hesabu hiyo, na kumwita mkaidi hakupunguzi hata mita moja.

Kipimo chenye faida kwa Nairobi kingefanywa asubuhi na jioni, mvua na jua, kikihesabu wenye mizigo na watoto, kisha taa zitegwe kwa mwendo wa wale walio nyuma kabisa.