Usimpitishe Mlango wa Nyuma

Mikutano ya kuihimiza jamii iwakubali watu wenye ulemavu haina idadi, na mingi hufanyika katika kumbi ambazo mtu wa kiti mwendo haingii mpaka abebwe. Ukiwauliza wenye ukumbi, wanajibu: "Hapa hawaji." Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 katika kila 6 duniani ana ulemavu mkubwa. Wapo. Wameziona ngazi wakageuza.

Chukua ngazi tatu za kawaida, kila moja sentimita 15. Jumla ni sentimita 45. Kipimo kinachotumika sana cha mteremko wa kupandishia kiti mwendo ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita ya kupanda inataka 12 za urefu, kwa hiyo mteremko hapo uwe wa mita 5.4. Mara nyingi fundi humwaga zege la mita mbili tu, kazi ikahesabiwa imekwisha. Mteremko huo haupandiki kwa nguvu za mikono: magurudumu ya mbele yananyanyuka, kiti kinataka kupinduka kinyumenyume, na wakati wa kushuka kinamkimbiza mwenyewe. Kosa jingine ni kuufikisha mteremko mlangoni kabisa. Huwezi kuzuia magurudumu yasirudi nyuma na papo hapo ukavuta mlango, ndiyo maana panahitajika sehemu tambarare ya sentimita 150 kwa 150. Mlango nao upimwe ukiwa wazi, usipime fremu. Sentimita 80 ni za chini kabisa, 90 ni nafuu zaidi. Kizingiti cha sentimita tatu tu kinatosha kuyakwamisha magurudumu madogo ya mbele.

Haya yote yanaweza kuwa sawasawa, halafu mteremko ukajengwa uani, karibu na mapipa ya taka. Hilo linaniuma kuliko zege bovu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unataka watu hawa wafike na kuingia kwa usawa na wengine, na uani hakuna usawa.

Ulimi nao una vizingiti vyake. "Anataka nini?" anaulizwa msindikizaji, na mwenye shida yake amekaa pale pale anasikia. Muulize mwenyewe. Kiziwi akija na mkalimani wa lugha ya alama, mtazame kiziwi usoni. Mkalimani anatafsiri tu. Na tuache kumwita bubu: lugha anayo, tena ina sarufi yake kamili.

Kwa asiyeona, usimkamate mkono wala kumvuta fimbo. Jitambulishe, uliza kama anahitaji msaada, kisha mpe kiwiko akishike mwenyewe. Atatembea nusu hatua nyuma yako, na mwili wako ukipanda au kushuka ataupata mkononi mwake kabla hajafika. Mkifika kwenye ngazi, simama kidogo, sema kama zinapanda au zinashuka. Ukiondoka, aga. Wengi hujiondokea kimya, wakamwacha anaongea na hewa.

Ushauri wangu kwa kamati za ujenzi: mtu wa kiti mwendo awe mjumbe mwenye kura tangu ramani ikiwa karatasini, wakati kosa linafutika kwa raba. Na kabla fundi hajamaliziwa malipo, mwageni maji kwenye mteremko muone kama unateleza, kisha mjumbe huyo aupande peke yake, afungue mlango, ageuze kiti ndani, atoke. Pasiwe na mtu wa kumsukuma.